Chawa wa manyoya kwa mwewe, tai na tumbusi: mwongozo kamili wa kuwatambua bila kubahatisha

Picha ninazotumiwa kwenye simu zimeanza kufanana. Mtu kaokota mwewe kagongwa na gari, kaona kitu kinatembea kwenye manyoya, kapiga picha ya ukungu halafu anauliza "huyu chawa ni aina gani?" Wengi wao hata sio chawa, ni kupe, ni utitiri, au ni yule nzi bapa anayekimbia ubavu kama kaa. Na wale walio chawa kweli, kichwa hakionekani, hakuna aliyeandika katolewa sehemu gani ya mwili, na mdudu mwenyewe kashafutiwa kwenye suruali. Hapo hata mtaalamu aliyebobea hana la kukwambia.

Kazi kubwa ya kumtambua chawa inafanyika ukiwa bado na ndege mkononi. Hadubini inakuja kumalizia tu, kwa hiyo hatua za mwanzo nitazieleza kwa urefu na zile za maabara nitapita haraka kidogo.

## Andaa hivi kwanza, ndege bado hajafika

- Glavu za mpira, na glavu nene za ngozi kwa anayeshika miguu
- Barakoa
- Taulo au kanga safi, moja kwa kila ndege
- Lenzi ya mkono ya kukuza mara 10
- Tochi ndogo ya mwanga mweupe
- Karatasi nyeupe kubwa, au beseni jeupe lenye ukingo
- Kibano chenye ncha nyembamba laini, na brashi ndogo ya rangi namba 0 au 00
- Vichupa vidogo vyenye kifuniko kinachobana
- Alkoholi (ethanoli) ya asilimia 95 kama kuna siku mtu atapima DNA, ya 70 hadi 80 inatosha kama unaangalia umbo tu
- Penseli ya kawaida na vipande vya karatasi ngumu
- Rula yenye milimita
- Unga wa pareto, kama utapukuta manyoya

Sanitaiza ya mikono sio alkoholi ya kuhifadhia. Ile jeli inamganda mdudu, miguu inajikunja, ukimtoa anakatika. Spiriti ya rangi ya jikoni nayo inampaka rangi. Spiriti safi ya duka la dawa ya asilimia 70 ni sawa kabisa kwa kuanzia.

## Usalama wako na sheria

Ndege wawindaji wanalindwa. Kenya mambo haya yako chini ya KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), Tanzania utafiti wa wanyamapori unapitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori). Usimkamate mwewe mzima eti unatafuta chawa. Mwongozo huu ni kwa anayesaidia kwenye kazi ya kuwavisha ndege pete za namba miguuni, anayefanya kazi kwenye kituo cha kutibu ndege, daktari wa mifugo, au aliyeokota ndege aliyekufa na ana ruhusa ya kuwa naye.

Ukikuta tumbusi wamekufa kadhaa pamoja, au tumbusi kafia karibu na mzoga wa ng'ombe au simba, usiguse chochote. Hizo sumu za shambani wanazotega kwenye mizoga zinapita hata kwenye ngozi ya mtu. Piga simu kwa maafisa wa wanyamapori, mambo ya chawa yaache kabisa siku hiyo. Na kwa ndege yeyote aliyekufa bila sababu inayoonekana, vaa barakoa na glavu, mafua ya ndege hayana mzaha.

## Hatua ya 1: Mshike ndege vizuri, kwa muda mfupi

Silaha ya hawa ndege ni miguu. Mmoja ashike miguu yote miwili juu kidogo ya vidole, mabawa yafungwe kwa taulo, kichwa kifunikwe kitambaa chepesi kisichoziba pua. Akiwa gizani anatulia. Tumbusi ni tofauti kidogo, yeye anauma na anaweza kukutapikia, kwa hiyo kichwa chake lazima kiwe na mtu wake.

Usimkandamize kifua. Ndege anapumua kwa kuinua mfupa wa kifua, ukimbana hapo unamziba pumzi hata kama pua iko wazi.

Jipe dakika 10, zikizidi sana 15. Akianza kuhema mdomo wazi au mwili kulegea, acha, mweke kwenye boksi lenye giza na hewa. Chawa wapo siku zote, ndege ni huyo mmoja.

*Ukifanya sawa:* ndege katulia, mdomo umefungwa, na una mkono mmoja huru wa kushika tochi.

## Hatua ya 2: Angalia sehemu kwa sehemu, na uandike kila sehemu

Hapa ndo watu wengi wanaharibu. Wanapekua popote, wanaokota wanachokiona, wanatia vyote kwenye kichupa kimoja. Chawa wa ndege hawakai ovyo, kila aina ina mtaa wake kwenye mwili, na huo mtaa peke yake unakupa nusu ya jibu.

Fuata mpangilio huu huu kila siku:

Kichwa na kisogo. Puliza taratibu dhidi ya manyoya mpaka uone ngozi. Ndege hafikii hapa kwa mdomo wake, ndo maana chawa wanene wazembe wanapapenda. Angalia pia mayai, ni vipunje vyeupe virefu vilivyogandishwa kwenye shina la unyoya.

Shingo, mgongo na kiuno. Hapa tegemea wakimbiaji. Ukifunua wanapotea, kwa hiyo funua unyoya mmoja mmoja na macho yawe tayari.

Chini ya bawa. Mkunjue taratibu, elekeza tochi kutoka upande wa pili ili mwanga upenye kwenye unyoya. Chawa wembamba utawaona kama vijimistari vya kahawia vimelala sambamba na nyuzi za unyoya. Wamejipachika hapo katikati makusudi ili ndege akijichambua wasing'oke.

Mkia na makalio. Angalia juu na chini ya manyoya makubwa.

Kila sehemu ina kichupa chake. Nimeshasema hili mara nyingi na bado naletewa kichupa kimoja chenye chawa ishirini na lebo "tai, Jumamosi".

*Ukifanya sawa:* unaweza kusema "wanne kisogoni, sita chini ya bawa la kushoto, mmoja mgongoni kakimbia".

## Hatua ya 3: Hakikisha ni chawa

Weka mdudu kwenye karatasi nyeupe, chukua lenzi, jiulize maswali haya kwa mpangilio.

Ana miguu mingapi? Chawa ana sita. Ukihesabu minane huyo ni kupe au utitiri. Tahadhari moja: mtoto wa kupe akitoka kwenye yai ana miguu sita pia, lakini mwili wake ni kifuko kimoja tu hakina kichwa kilichojitenga, wakati chawa ana kichwa, kifua na tumbo vinavyoonekana wazi.

Ana mabawa? Chawa hana kabisa. Yule mdudu bapa mgumu, anayekimbia upande upande chini ya manyoya halafu ghafla anaruka akakuingia kwenye nywele, ni nzi anayenyonya damu ya ndege. Huyu usimtupe! Mwangalie tumboni kwa lenzi, maana chawa wengine wanamng'ang'ania na kupanda kama daladala kwenda kwa ndege mwingine. Mweke kwenye kichupa chake.

Kabanwa vipi? Chawa kabanwa kutoka juu kwenda chini, kama kanyagwa. Kiroboto kabanwa ubavuni, na anaruka.

Kichwa kina upana gani? Chawa wa manyoya anatafuna kwa taya, kwa hiyo kichwa chake ni kipana, kinalingana au kinazidi kipande cha kifua kinachofuata. Mwenye kichwa chembamba kilichochongoka, anayenyonya tu, ni wa mnyama, huyo kwa ndege hayupo.

Na vile vidoti vidogo sana vilivyopangana kwenye mistari katikati ya nyuzi za unyoya, visivyokimbia, ni utitiri wa manyoya. Ana miguu minane na kwa kawaida hafiki hata milimita moja. Wapo kwa ndege wengi wenye afya tele.

Halafu kuna maganda. Unyoya mpya unapokua unatoa magamba meupe kama mba, watu wanayaona wanasema mayai. Yai la chawa limegandishwa, ukilisukuma kwa ncha ya brashi halitoki. Ganda linapeperuka.

*Ukifanya sawa:* miguu sita, hana mabawa, bapa, kichwa kipana. Sasa sema chawa.

## Hatua ya 4: Mpeleke kwenye moja ya makundi mawili

Chawa wa ndege wako kwenye makundi mawili makubwa, Amblycera na Ischnocera. Hata ukiishia hapa umefanya kazi ya maana.

Tazama vipapasio, vile vinyuzi vya kichwani. Kwa Ischnocera vimetokeza wazi pembeni ya kichwa, unaviona bila shida. Kwa Amblycera vimefichwa kwenye mfereji chini ya kichwa, ukimtazama juu unaona kama hana.

Mwendo nao unasaidia. Amblycera anakimbia, anatoka kwenye manyoya anapanda mkono wako, na wengi wao wanakula damu pamoja na manyoya. Ischnocera ni mzito, kazi yake kung'ang'ania, ukimweka kwenye karatasi anahangaika kama samaki nchi kavu. Ila mwendo ni kidokezo tu. Ndege akiwa wa baridi au kafa tangu asubuhi wote wanazubaa, kwa hiyo rudi kwenye vipapasio.

## Hatua ya 5: Shuka mpaka kwenye jenasi

Jenasi ni kundi la spishi za karibu karibu. Sasa unganisha vitu vitatu: mtaa wa mwili, umbo, na ndege mwenyewe. Hawa ndo utakaokutana nao mara nyingi.

Laemobothrion. Jitu. Anaweza kufika karibu sentimita moja, ni miongoni mwa chawa wakubwa kuliko wote duniani. Ni Amblycera, mrefu, kingo za mwili nyeusi nyeusi, mbio zake zinashtua. Mtu akimwona mara ya kwanza anadhani ni mende mdogo. Yupo kwa mwewe, kwa tumbusi, kwa vipanga.

Colpocephalum. Amblycera mdogo, milimita 2 hivi, yuko popote mwilini. Uthibitisho wake uko kwenye paja la mguu wa nyuma na chini ya tumbo: safu za vijimiiba vilivyopangana kama kitana. Kwa lenzi ya mkono huvioni, hiyo ni ya hadubini.

Craspedorrhynchus. Huyu ndo wa kichwani na kisogoni kwa mwewe, tai na shakivale. Ischnocera mfupi mnene mwenye kichwa kikubwa kipana kuliko unavyotegemea. Ukimkuta kisogoni kwa mwewe, umbo likiwa hilo, andika jina bila woga. Kwa tumbusi sehemu hiyo hiyo mara nyingi utamkuta ndugu yake wa kufanana naye, Aegypoecus.

Degeeriella. Ischnocera wa saizi ya kati, milimita 2 hivi, sio mnene sio mwembamba, wa mabawani na mgongoni. Yupo kwa mwewe, kwa kozi, kwa vipanga. Mwonekano wake ni wa kawaida tu, na ndo maana anachanganywa.

Falcolipeurus. Mrefu mwembamba, wa manyoya ya mabawa kwa tumbusi na tai wakubwa. Analala katikati ya nyuzi kama nilivyoeleza.

Strigiphilus. Wa bundi. Bundi nao wanawinda na watu wanawaleta pamoja na hawa wengine, kwa hiyo mjue. Ischnocera, mwili wa mviringo kiasi.

Mtu akinipa mwewe wa kawaida wa mjini, yule anayenyakua chapati mkononi mwa mtoto, mimi natafuta wanne: Laemobothrion, Colpocephalum, Degeeriella, na Craspedorrhynchus kisogoni. Ukianza kujifunza anza na yeye.

### Chawa wa mgeni

Hapa naomba usome polepole. Siku moja nililetewa kozi aliyegonga waya wa umeme. Chini ya bawa kulikuwa na chawa wawili wembamba kabisa, warefu, kama uzi wa nguo. Aliyemleta alishaandika Falcolipeurus na alikuwa na furaha, na kwa haraka haraka hata mimi ningekubali. Lakini walikuwa wembamba mno, wawili tu, na kwenye kucha za yule kozi kulikuwa na kipande cha unyoya wa kijivu. Alikuwa katoka kula njiwa. Wale walikuwa Columbicola, chawa wa njiwa, waliohama chakula kikiwa mezani.

Ndege mwindaji anabeba chawa wa anaowala. Ukikuta mmoja au wawili wasiofanana na wenzao, hakuna watoto wao, hakuna mayai, mshuku kuwa ni mgeni. Mkaazi utamjua kwa familia: wakubwa, watoto wa rangi hafifu, na mayai, wote sehemu moja.

Njia ya pili ya wageni ni wewe mwenyewe. Mfuko ule ule, taulo ile ile, glavu zile zile kwa ndege watatu, umeshawahamisha. Ndo maana nimesema taulo moja kwa ndege mmoja.

## Hatua ya 6: Kuwakusanya bila kuwaharibu

Kwa wachache, lowesha brashi kwenye alkoholi, mguse mgongoni, atanasa, mchovye kichupani. Kibano tumia kwa yule aliyeng'ang'ania, na ushike unyoya, usimshike mdudu. Ikibidi kata kipande cha uzi wa unyoya alioushika, umtie nao.

Ukitaka wengi, pukuta kwa pareto. Huku kwetu pareto inalimwa, unga wake unapatikana, na ni salama kwa ndege kuliko dawa nyingi. Pakaza kidogo kidogo ndani ya manyoya, kichwa usikiguse kwa unga, macho na pua viwe mbali, subiri dakika 10, halafu chezesha manyoya kwa vidole juu ya karatasi nyeupe. Watadondoka. Soma lebo kabla, maana kuna unga wa kuku uliochanganywa dawa nyingine kali, huo usitumie. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari usithubutu, unaharibu manyoya na ndege anafia kwako.

Kwa ndege aliyekufa, wahi. Mwili ukipoa chawa wanaanza kuondoka. Mfunge kwenye mfuko wa plastiki usio na tundu, mtie kwenye friza mpaka uwe tayari. Baadaye unamwosha kwenye ndoo yenye maji na sabuni ya vyombo kidogo, unatikisa, unachuja kwa kitambaa cheupe chepesi, unarudia mara mbili tatu. Na ule mfuko uusuuze pia, wengine wamebaki humo.

## Hatua ya 7: Lebo

Andika kwa penseli, weka karatasi ndani ya kichupa. Wino wa peni unayeyuka kwenye alkoholi, nimeshashika kichupa chenye maji ya bluu na karatasi nyeupe tupu, na ndani kuna chawa wazuri wa tai ambao hakuna atakayejua walitoka wapi.

Lebo iwe na: jina la ndege (la kisayansi kama unalijua), mahali, tarehe, sehemu ya mwili, namba ya pete kama anayo, na jina lako. Mfano:

*Milvus migrans, mzima, Mwanza karibu na ziwa, 14 Machi, kisogoni, chawa 4*

na mwaka usisahau.

## Hatua ya 8: Picha inayosaidika

Mdudu aliyekufa, ndani ya tone la alkoholi, kwenye kioo au sahani nyeupe, rula pembeni yake. Bandika lenzi ya mkono mbele ya kamera ya simu, egemeza mikono mezani. Piga tatu: mgongo, tumbo, na kichwa peke yake. Picha ya kichwa ndo inayofanya kazi.

*Ukifanya sawa:* unaona kama vipapasio vimetokeza au la, na milimita za rula zinasomeka.

## Ukitaka kwenda mpaka spishi

Hapa lazima hadubini ya kukuza mara 40 hadi 400, na slaidi.

Mtoboe tumbo kidogo kwa sindano nyembamba, mloweke kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 kwa siku nzima. Hii inayeyusha nyama za ndani inaacha gamba. Inaunguza ngozi na macho, vaa miwani, na ukiitengeneza tia dawa kwenye maji, usimwage maji juu ya dawa. Kisha suuza kwa maji safi, mkamue taratibu, mpitishe kwenye alkoholi inayopanda, 40, 80, mpaka 100, nusu saa kila moja. Halafu mafuta ya karafuu, yale yale ya Pemba na Unguja, siku moja, yanamfanya apenyeze mwanga. Mwisho Kanada balsamu (utomvu wa kugandishia slaidi) na kioo cha juu, slaidi ikae mahali pa joto wiki kadhaa ikauke.

Kama unataka DNA basi usiloweke wote, wengine wabaki kwenye asilimia 95.

Tafuta dume. Kwa jenasi nyingi kinachotenganisha spishi ni kiungo cha uzazi cha dume, kinaonekana kama fimbo ya kahawia ndani ya tumbo. Watoto, wale weupe weupe, usihangaike nao, hawafiki kwenye spishi kwa umbo. Ukiwa na jike peke yake au watoto peke yao, andika "Degeeriella sp.", yaani spishi haijajulikana, uache hapo. Hilo ni jibu kamili, na mimi naliamini kuliko jina refu lililonakiliwa kwenye orodha kwa sababu tu ndege ni mwewe.

## Akiwa na chawa wengi kupita kiasi

Usikimbilie dawa. Mwangalie mdomo kwanza. Ndege mzima anajichambua kila siku na chawa wanabaki wachache, akivunjika mdomo au bawa, au akiishiwa nguvu kwa njaa, hapo ndo wanajaa. Kwa hiyo mwewe aliyejaa chawa nampima uzito, namkagua mdomo, nakagua koo, namgusa mfupa wa kifua kama umechongoka kwa kukonda. Yote hayo yaandike kwenye daftari lile lile lenye idadi ya chawa, na daktari apewe daftari hilo pamoja na ndege.